Kazi Yangu Haivuji

Siku tuliyomzika mume wangu Nyamhanga, msemaji wa ukoo alisimama kando ya jeneza akaeleza sifa za marehemu, na katika sifa hizo akalitaja lile gari la kijani. Alisema Nyamhanga ndiye fundi pekee katika Tarime nzima aliyewahi kuliziba gari la Kiingereza lisidondoshe hata tone la oili, na kwamba uhodari huo ndio uliomponza akakatwa vidole. Watu wakaguna kwa kukubali. Vijana ambao wazazi wao walikuwa hawajaoana gari lile lilipopita hapa nao wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wajane wenzangu, kanga kichwani, hasira ikanipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka. Mjane hasimami kubishana na msemaji siku ya mazishi. Nikanyamaza, kama nilivyonyamaza katika ndoa yangu yote, lakini nikajiapia kwamba udongo ukitulia nitaueleza mwaka ule ulivyokuwa, kwa sababu mimi ndiye niliyepiga magoti chini ya gari lile nikaingiza mkono wangu.

Mwaka wenyewe ni ule wa operesheni, watu walipokuwa wanahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Sisi tulikaa Nyamisangura, katika nyumba ya matofali mabichi yenye chumba kimoja kikubwa kilichotazama barabara. Nusu ya chumba ilikuwa karakana ya Nyamhanga, nusu ilikuwa yangu na cherehani yangu, na katikati tulitundika pazia la magunia. Pazia hilo lilizuia macho tu. Upande wangu niliyasikia yote waliyosema wanaume upande wa pili huku wakingoja gurudumu lizibwe, na hakuna siku waliyozungumza jambo jema. Walisema nani amevunjiwa nyumba, nani amechomewa paa ili asirudi, nani amepigwa mshale akifuata ng'ombe walioibwa na amekufa povu likimtoka. Mama mmoja aliniletea kitenge kilichoungua nusu, akataka nimshonee blauzi ya mtoto kwa nusu iliyobaki, na alipokuwa ananieleza jinsi nyumba ilivyowaka alicheka. Ulikuwa mwaka wa namna hiyo. Watu walibeba panga hata kwenda kuchota maji, na mtu akikugusa bega kwa nyuma ulijikunja kabla hujajua ni nani.

Madukani hakukuwa na kitu. Sukari ilikuwa habari ya kusimuliwa, na spea za gari ndiyo usiseme. Nyamhanga alijifunza kutengeneza gasketi, vile vipande vya kuziba maungio ya injini, kwa ngozi ya ng'ombe. Tuliiloweka ngozi, tukaikwangua manyoya, tukaipaka mafuta ya kondoo na kuikanda mpaka ikalainika, kisha anailaza juu ya chuma na kugonga ukingoni kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka umbo la chuma lijichore lenyewe kwenye ngozi. Hapo ananipa mimi. Mkasi wangu ulikata vizuri kuliko kisu chake, na matundu ya bolti niliyatoboa kwa msumari uliopashwa moto. Tulifanya kazi hiyo tukiwa tumekaa bega kwa bega, mimi nikiwa na miaka ishirini na kidogo, na nasema bila aibu kwamba sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye katika saa zile. Alikuwa mtu mwenye majivuno. Kila aliyempa kazi alimwambia maneno yale yale, "Kazi yangu haivuji," na mimi niliyapenda hata majivuno hayo, maana sikujua bei yake.

Gari lilikuja alasiri, likisukumwa na watoto wa shule. Lilikuwa la viti viwili, fupi, limelala chini kama chura, bila paa, rangi ya kijani iliyokoza. Lilikuwa mali ya mzungu mmoja mwindaji aliyeondoka nchini, na sasa mwenyewe alikuwa Bwana Wambura, aliyejulikana Ikoma kwa biashara ya ngozi na nyama ya porini. Kwao hasa sikupajua. Alikuwa mcheshi, shati jeupe, meno mazuri. Alisema amegonga ng'ombe ng'ambo ya Mara, na amekwisha kuelewana na mwenye mali. Baada ya hapo gari likapanda jiwe, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka tumboni, na njia nzima amekuwa akimwaga oili na kujaza nyingine kutoka kwenye debe. Tuliona damu iliyokauka mbele, pamoja na manyoya, na hakuna aliyeshangaa. Kwetu nani hajagonga ng'ombe? Mbwa wa jirani alikuja akaanza kulamba ile damu. Wambura alimpiga teke la mbavu, mbwa akaanguka, na alipokuwa chini akampiga tena na tena, kwa kisigino, mpaka tukasikia mifupa inavunjika. Kisha akajifuta kiatu na kuniomba maji ya kunywa. Nilidhani ni ukatili tu wa watu wenye magari.

Nyamhanga hakumwona mbwa. Alikuwa amelala chini ya gari tayari, na sauti yake ilitoka huko kama ya mtu aliyepewa mwana. Alituambia kwamba ule ufa wa sampu ni mdogo, na kwamba gari lilikuwa linavuja tangu zamani, kila mahali, hata kabla ya jiwe. Alitaka kuziba kote. Kesho yake aliifungua injini vipande vipande. Sampu aliipeleka kwa mhunzi, wakauziba ufa kwa shaba iliyoyeyushwa. Kifuniko cha juu ya injini kilikuwa kimepinda kwa sababu watu walikaza bolti kwa nguvu za hasira, akakinyoosha juu ya ubao. Kisha akagundua kwamba kibomba cha kupumulia kimezibwa na tope. Aliniita nije nione. Injini isipopumua, alisema, pumzi yake hutafuta njia na kusukuma oili nje kila penye upenyo, na mjinga ataziba pale panapovuja na kuacha pale panapokaba. Tulikata gasketi nne za ngozi. Wambura alikuwa anaingia na kutoka, anauliza lini, anatazama barabara. Niliwapikia ugali wa mtama na nyama kavu aliyokuja nayo mwenyewe, akala upande wangu wa pazia, akanimwagia maneno matamu, ananiita shemeji, anasifu mkono wangu. Nyuma ya pazia wanaume waliokuwa wakingoja baiskeli walizungumza juu ya mchungaji wa ng'ombe aliyekutwa amekufa barabarani ng'ambo ya Mara, kifua kimebonyea. Walisema huenda ni fahali. Wambura aliendelea kutafuna.

Lakini kulikuwa na mahali pamoja pasipozibika. Nyuma ya injini, mhimili unapotoka kwenda kwenye gia, Waingereza hawakuweka mpira. Walichonga mfereji kwenye chuma chenyewe, unaozunguka kama kamba ya parafujo. Mhimili ukizunguka, mfereji unairudisha oili ndani. Injini ikizimwa, mfereji hauna kazi, na oili iliyobaki inateremka kidogo kidogo na kudondoka. Nyamhanga alinieleza haya yeye mwenyewe, akinichorea chini kwa kijiti, na akaniambia kwa hasira kwamba mtu aliyebuni kitu hicho hakupenda mafundi. Alijaribu kupachika utepe wa ngozi, haukukaa. Gari likitembea lilikuwa kavu kabisa. Likipumzika lilidondosha. Asubuhi ya kuondoka, niliamka kuwasha moto nikamwona kupitia tundu la gunia. Alichota majivu jikoni kwangu, akayamwaga chini ya gari juu ya doa jeusi, akayakanyaga yakatulia, akasukuma gari mbele kidogo. Baadaye majirani walipokusanyika kulitazama likiwashwa, alimwambia Wambura mbele yao wote kwamba kazi yake haivuji. Wambura akaaga kwamba anarudi Ikoma, akashika barabara ya kusini. Hakuacha nyuma hata tone, na watu wakapiga makofi.

Jua lilikuwa halijapanda sana wanaume walipoingia kutoka huko huko kusini. Walikuwa wengi, wana pinde na panga, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Mbele alitembea mzee mmoja, Matiko, ambaye hakushika silaha, na nyuma yake kijana mpana aliyeitwa Chacha. Mchungaji aliyekufa alikuwa mdogo wa Chacha. Walikuwa wamemzika, kisha wakashika njia. Hawakuwa wamefuata kwato safari hii. Walifuata oili, tone kwa tone, mpaka kivukoni, wakaikuta tena upande wa pili, na ikawaleta mpaka mlangoni kwetu. Hapo ikafia.

Asiyetoka kwetu lazima aelewe jambo hili. Nyayo za ng'ombe walioibwa zikiingia katika boma lako, unatoka nje na kuwaonyesha wafuatiliaji zinakotokea upande wa pili. Ukizitoa, uko huru, na mzigo unahamia kwa jirani. Ukishindwa kuzitoa, ng'ombe ni wako wa kulipa, uwe umewaona au hukuwaona. Ni sheria ya kale kuliko boma la serikali, na hakuna aliyeuliza kama inafaa kwa magari. Majirani walisema gari limekwenda kusini. Mzee Matiko akajibu kwamba wao wametoka kusini na hawakupishana hata na mkokoteni, na kwamba maneno si nyayo. Balozi wetu wa nyumba kumi akasema anakwenda kuita polisi, akaenda, na hatukumwona tena mpaka mambo yakaisha.

Walimtoa Nyamhanga nje. Walimpiga kwanza, kwa rungu na kwa mpini wa panga, nikasikia jino linagonga bati. Mimi walinishika wawili kwa mikono. Kisha Chacha akamburuta mpaka kwenye fuawe yake mwenyewe, lile bonge la chuma alilopondea gasketi, akaulaza mkono wake wa kulia juu yake. Mzee Matiko alichuchumaa mbele yake. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana nilimwogopa.

"Nyayo zimeingia hapa, mura," alisema, kama wazee wa kwetu wanavyomwita kijana. "Zitoe."

Nyamhanga akasema gari limeondoka asubuhi.

"Limeondoka bila kudondosha?"

"Nililiziba."

"Fikiri vizuri, mwanangu. Halivuji hata kidogo?"

Kila mtu pale aliusikia mlango ukifunguliwa. Mzee alikuwa anamwomba akiri. Angesema tu, linavuja, tafuteni, na angekuwa mtu huru. Mimi nilimtazama mume wangu, damu inamtoka puani, majirani wote waliompigia makofi wamesimama, na nikaona kwenye uso wake kwamba hatasema.

"Kazi yangu haivuji," akasema.

Panga la Chacha likashuka. Vidole viwili, kile kidogo na cha pete, vikaruka vikaanguka kwenye vumbi. Nyamhanga alitoa sauti ambayo sitaki kuilinganisha na chochote. Chacha akainua panga tena, safari hii akitazama shingo.

"Linavuja," nikapiga kelele. "Linavuja. Mume wangu anawadanganya."

"Bhoke, nyamaza," Nyamhanga akasema. Vidole vyake viko chini, na bado ananiambia ninyamaze.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilitaka kuzaa na mwanamume huyu. Niliwavuta wale walionishika mpaka kwenye majivu, nikayafukua kwa kisigino. Doa likatokea, jeusi, bado bichi. Mzee Matiko aliligusa, akanusa kidole. Nikamweleza yote, mfereji unaozunguka, injini ikitembea na injini ikilala. Nikamwambia, kama binti kwa baba, tata, usitafute njiani, tafuta palipopumzika. Akaniuliza kama nazitoa nyayo hizo mimi. Nikasema nazitoa. Basi, akasema, anayezitoa ndiye anayezifuata, twende. Nikachana kitambaa cha amerikani kilichokuwa kwenye cherehani, nikaufunga mkono wa mume wangu. Alinitazama kama vile panga lilikuwa langu.

Nilitembea siku ile pamoja na wanaume wenye pinde, bila kuchoka. Tulirudi kusini mpaka kijito cha kwanza, na pale, nje ya barabara, juu ya jiwe bapa, nilikuta tone. Wambura alikuwa amesimama hapo kuosha gari. Majani ya kando ya maji yalikuwa na manyoya ya ng'ombe, na katikati ya manyoya hayo Chacha aliokota kipande cha shanga ya mdogo wake. Alikishika kwenye kiganja kwa muda mrefu, kisha akakitia mdomoni, akatembea nacho hivyo hivyo. Kutoka kijitoni kulikuwa na njia ya ng'ombe iliyozunguka mji. Tuliifuata. Kwenye kibanda cha mama muuza ndizi nikapiga magoti nikakuta tone la pili, na mama akaonyesha kaskazini. Kila nilipoinama wanaume walisimama, kila nilipoinuka walitembea, na sitaficha kwamba kulikuwa na furaha fulani mbaya ndani yangu. Maisha ya Nyamhanga yalining'inia kwenye kila tone, na kila tone nililipata.

Sirari tulifika jua limeinama. Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya hoteli ya chai, karibu na kizuizi, na mwenye hoteli alisema mtu huyo amekaa hapo akingoja wateja kutoka Isebania, upande wa Kenya, wavuke waje walinunue gari. Nilipiga magoti kwa mara ya mwisho. Chini yake kulikuwa na kidimbwi kama kisahani, na juu yake tone lingine lilikuwa linaning'inia. Nililipokea kwa kidole, nikainuka, nikawaonyesha. Wambura akatoka hotelini, chapati mkononi. Aliwaona wao, akaniona mimi, akaelewa. Hakukimbia. Alinijia mimi.

"Shemeji, waambie," alisema. "Nilikula kwako."

Nikasema kweli. Nikawaambia, alikula kwangu. Mzee Matiko akatikisa kichwa kwa heshima, akageuka akatazama pembeni. Rungu la Chacha lilimpata gotini, na alipoanguka nikaona anaanguka kama yule mbwa. Mshale ulimpata ubavuni, mwingine tumboni, na baadaye yalikuwa mapanga tu, na chapati ilikuwa bado mkononi. Watu wa Sirari walifunga madirisha. Walimtupa ndani ya gari, kwenye kiti chake, wakamwaga petroli. Moto ulipofika kwenye injini nilisikia harufu ya ngozi ya ng'ombe inayoungua, nikajua hizo ni gasketi zangu, na hapo ndipo nilipotapika.

Niliporudi nyumbani kesho yake nilimkuta Nyamhanga ameegemea ukuta upande wangu wa pazia, mkono umevimba kama mkate. Hakuuliza kama Wambura amekufa. Hakuuliza kama nimeumizwa. Aliuliza lilikuwa limedondosha kiasi gani. Nikamwambia, kama kisahani. Akageukia ukutani, akakaa hivyo mpaka homa ikampanda na kushuka. Alipopona alishika spana kwa vidole vitatu na akawa fundi mzuri kuliko zamani, lakini mkasi wangu hakuugusa tena. Gasketi alikata mwenyewe, kwa kisu, vibaya.

Na akatunga hadithi. Sijui alianza lini. Niliisikia mara ya kwanza kupitia pazia, anamweleza dereva mmoja wa lori kwamba gari lile halikuvuja hata kidogo, ila mke wake, mwanamke mwerevu sana, aliwadanganya wale watu ili amwokoe, na kwa bahati tu wakamkuta mtu wao Sirari. Dereva akacheka, akamsifu mke. Nilikaa na sindano mkononi nikingoja Nyamhanga aingie aniangalie machoni. Hakuingia. Tukazaa, tukasomesha, tukazeeka, na hadithi ikazeeka nasi, ikawa ndiyo ukweli wa Nyamisangura. Nilimpikia, nikamfulia, nikamlaza kaburini, na katika miaka yote hiyo hakuna siku aliyoniambia kwamba niliyoyasema ni kweli. Nililipenda jina lake, lakini niliipenda zaidi shingo yake, na hilo hakunisamehe. Mimi nami sijamsamehe. Najua marehemu hasemwi vibaya. Mnisamehe ninyi.

Watu walipotawanyika kutoka kaburini, mzee mmoja mpana, mwenye fimbo, alibaki. Sikumjua mpaka alipovua kofia. Chacha alikuwa ameuliza njia peke yake kutoka ng'ambo ya Mara, na wanangu walikuwa wamemkaribisha bila kujua ni nani. Alikaa chini kwenye mkeka wangu kwa shida, magoti yakilia. Nilitazama mikono yake iliyolala juu ya fimbo, vidole kumi, vimekamaa lakini vimetimia. Alisema amemsikia msemaji. Kisha akatafuta Kiswahili chake.

"Mama, mimi nililiona lile tone kwenye kidole chako," akasema. "Ulisema kweli siku ile."

Nililia hapo ndipo, si kaburini. Wanawake walikuja mbio wakidhani ni uchungu wa mume, wakanishika mabega, nikawaondoa. Nilikuwa nimengoja neno hilo maisha yangu yote ya ndoa, na aliyeniletea ni yule aliyemkata mume wangu vidole. Niliinuka nikaingia jikoni. Nikachota ugali wa mtama, nikamwekea na nyama ya fahali wa msiba, nikamnawisha mikono yote miwili, kidole kwa kidole, nikakaa mbele yake nikamtazama mpaka akamaliza.